EESSI kwenye klasta ndogo ya Dodoma: anza na Squid, mengine yatafuata

Anayetunza kompyuta za mradi wa utafiti wenye washirika wa nchi tatu au nne anajua ugomvi unapoanzia. Mshirika wa Ulaya ana toleo moja la R, programu ya takwimu, wa Dodoma ana jingine, matokeo hayalingani, na lawama zinamwangukia fundi wa seva. EESSI inalenga hapo hapo. Ni huduma ya bure: ghala la programu za sayansi zilizokwisha kujengwa na kupimwa, ambalo kila mshirika analikuta kwenye njia ileile, /cvmfs/software.eessi.io, popote alipo. Kwa klasta (kompyuta zilizounganishwa zifanye kazi pamoja) ya nodi, yaani kompyuta, nane hadi ishirini, za aina inayoendana na bajeti za vyuo na vituo vya utafiti vya huku kanda ya kati, tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki imeliwa na umbali.

EESSI yenyewe haisafirishi kitu. Kazi hiyo inafanywa na CernVM-FS, kwa kifupi CVMFS, mfumo wa mafaili wa kusoma tu uliotengenezwa CERN kwa ajili ya majaribio ya fizikia. Unapita kwenye HTTP ya kawaida. Kompyuta haishushi ghala zima. Inavuta faili lile tu lililofunguliwa na kuliweka kwenye kashe, akiba ya muda, ya diski yake. Kila faili linatambulika kwa hashi, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na orodha kuu imetiwa saini, kwa hiyo proksi (seva ya kupitishia mafaili) iliyo katikati haiwezi kuchezea kitu bila kugundulika. Hilo ndilo linaloruhusu kutumia HTTP isiyo na usimbaji, na HTTP ndiyo inayoruhusu kutumia Squid, proksi inayobaki na nakala ya kila inachopitisha.

Usakinishaji ni mwepesi. Kwenye Rocky Linux unaweka pakiti ya cvmfs-release, kisha cvmfs, kisha cvmfs-config-eessi. Unaandika mistari miwili ndani ya /etc/cvmfs/default.local:

CVMFS_HTTP_PROXY="http://10.0.0.5:3128"
CVMFS_QUOTA_LIMIT=10000

Mstari wa kwanza ni anwani ya Squid yako. Namba ya mstari wa pili ni megabaiti, yaani kashe ya takriban GB 10 kwa nodi. Halafu unaendesha cvmfs_config setup, na kupima kwa cvmfs_config probe software.eessi.io. Ikijibu OK, umemaliza. Usishtuke ukiandika ls /cvmfs na kukuta patupu: ghala huunganishwa na autofs pale tu mtu anapoingia ndani yake kwa jina kamili.

Mtego wa kwanza uko kwenye maelekezo ya kuanzia, yanayokwambia uandike CVMFS_CLIENT_PROFILE="single". Mstari huo ni wa laptop au kompyuta moja. Ukiunakili kwenye nodi zote na kusahau kuandika proksi, kila nodi itakwenda kuvuta faili lilelile ng'ambo kivyake. Seva za umma za EESSI ziko Ulaya na Marekani. Kupakia programu moja ya Python kunaweza kufungua maelfu ya mafaili madogo, na kila faili ni safari ya kwenda na kurudi. Watumiaji watasema klasta imekufa, kumbe inasubiri tu.

Dawa ni Squid, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Wakazi wa Dodoma tunaijua simtanki: maji ya bomba yakija kwa mgawo, nyumba yenye tanki haina habari. Squid ni hivyo hivyo kwa mafaili. Faili linavuka bahari mara moja, nodi nyingine zote zinalichota ndani ya chumba. Huhitaji seva ya maana. Kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 inatosha klasta ya ukubwa huu. Mipangilio inayopendekezwa na wenye CVMFS wenyewe ni cache_mem 128 MB, maximum_object_size 1024 MB, maximum_object_size_in_memory 128 KB, na cache_dir ufs /var/spool/squid 50000 16 256, yaani GB 50 za diski. Ile maximum_object_size ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukiacha chaguo-msingi la Squid, ambalo ni MB 4 tu, maktaba kubwa hazihifadhiwi, na utashangaa mbona intaneti bado inaliwa.

Funga mlango pia. Ruhusu anwani za nodi zako tu kwenye http_access, na usiache mlango 3128 wazi kwa dunia, kwani proksi iliyo wazi haikawii kupata wageni.

Kuna wanaopenda kuandika ;DIRECT mwishoni mwa mstari wa proksi, ili Squid ikilala nodi ziende moja kwa moja nje. Kwa chuo chenye mtandao mpana huo ni uungwana. Kwa huku kwetu ni kuficha ugonjwa: Squid inakufa Jumamosi, hakuna anayejua, na Jumatatu laini nzima ya taasisi imejaa. Afadhali ikatae wazi. Ukiwa na uwezo, weka Squid mbili na uzitenganishe kwa alama ya |, mzigo utagawanywa baina yake. Ukitaka kujua hali halisi, andika cvmfs_config stat software.eessi.io na usome safu tatu tu: PROXY ikuonyeshe Squid yako, HITRATE (kiwango cha mafaili yaliyokutwa kwenye kashe) iwe juu, NOIOERR (idadi ya makosa ya kusoma) iwe sifuri.

Umeme ukikatika ghafla, kashe ya nodi inaweza kubaki na mafaili nusu. Ondoa ghala kwanza kwa cvmfs_config umount, kisha endesha cvmfs_fsck -p /var/lib/cvmfs/shared; ikishindikana, cvmfs_config wipecache inafuta yote na Squid itajaza upya karibu bila kugusa laini ya nje. Mtumiaji akilalamika kuhusu ujumbe wa "Transport endpoint is not connected", mchakato wa CVMFS umeanguka: cvmfs_config killall, kisha ingia tena kwenye njia yake. Kashe ikae kwenye diski ya nodi yenyewe, kamwe isiwekwe kwenye NFS (diski ya pamoja inayofikiwa kwa mtandao), na sehemu ya diski iizidi kwota kwa asilimia 15 au 20 kwa sababu kwota hiyo si ukuta mgumu. Ongeza pia /cvmfs kwenye PRUNEPATHS ya updatedb, la sivyo kazi ya usiku ya kuorodhesha mafaili inaweza kulipekua ghala lote.

Squid, swichi na ruta viwe kwenye UPS moja, hata kama nodi hazina. Kumbuka joto: betri za UPS za risasi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Novemba hapa hakina huruma. Vumbi la kiangazi nalo lipulizwe kwenye feni kabla mvua hazijaanza. Saa ya seva pia iangaliwe. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta huwaka na tarehe ya zamani, na munge, kithibitisha utambulisho kinachotumiwa na Slurm (programu ya kupanga kazi za klasta), inakataa tofauti inayozidi dakika tano. Kazi zitakwama huku CVMFS ikionekana nzima. Weka chrony, programu ya kulinganisha saa, kila nodi.

Sehemu inayotufurahisha zaidi ni namna EESSI inavyotambua aina ya kichakato. Ukiendesha source /cvmfs/software.eessi.io/versions/2023.06/init/bash, inachagua programu zilizojengwa kwa ajili ya CPU yako, kuanzia Haswell ya Intel na Zen 2 ya AMD kwenda juu. Mashine kongwe kuliko hapo hupewa toleo la jumla, ambalo ni la polepole ila linafanya kazi. Kwa klasta zilizoungwa kwa mashine za misaada za miaka tofauti, hili ni jambo kubwa. Lakini Slurm kwa kawaida hubeba mazingira ya nodi ya kuingilia hadi kwenye nodi ya kazi. Nodi ya kuingilia ikiwa mpya na ya kazi ikiwa kuukuu, kazi inaanguka na "Illegal instruction". Weka #SBATCH --export=NONE, na mstari wa source uwe ndani ya skripti yenyewe.

Ndani ya ghala kuna R pamoja na vifurushi vya Bioconductor, GROMACS, OpenFOAM, WRF na mengi mengine. Stata na MATLAB hutazikuta, leseni haziruhusu. GPU za NVIDIA zinahitaji hatua za ziada, kwa kuwa draiva ni za mashine yako na CUDA kamili hairuhusiwi kugawiwa hivyo. Ukilinganisha na Conda, ambayo kila mtumiaji hujisakinishia programu mwenyewe, tofauti inaonekana kwenye diski: kwa Conda kila mwanafunzi ana nakala yake, mamia ya maelfu ya mafaili madogo kwenye NFS, na seva ya nyumbani inapumulia mashine.

Kwa mtafiti anayetoka UDOM kwenda Kondoa au Manyoni na laptop, CVMFS inaendelea kufanya kazi bila mtandao ilimradi mafaili yako kwenye kashe. Hapo ndipo profaili ya single ina haki yake. Ongeza kwota, na kabla ya kuondoka endesha uchambuzi mzima mara moja kwa data ndogo ya majaribio. Kupakia moduli peke yake hakutoshi, kwa kuwa maktaba nyingine huvutwa pale tu zinapoitwa, na bando la huko barabarani linaweza kumalizwa na faili moja kubwa kabla uchambuzi haujaisha.