Ekseli ya mbele ya Volkswagen Beetle ya zamani: ununue ipi kama hela ni ya kubana

Kabla ya kumpigia muuzaji, chukua bisibisi, ingia chini ya gari, uchokoe kichwa cha chasisi, yaani ncha yake ya mbele, pale ekseli inapofungwa kwa bolti 4. Bisibisi ikizama, hela yako mpe kwanza fundi wa kuchomelea. Ekseli nzuri kwenye chuma kilichooza ni kazi bure.

Chasisi ikiwa nzima, chaguo langu la kwanza ni kingpini, yaani ekseli ambayo gurudumu lake hukata kona kwa kuzunguka kwenye pini ya wima, ile iliyotumika hadi modeli ya 1965. Wengi watakusukuma kwenye boljointi, yaani ile yenye viungo vya tufe la chuma badala ya pini, kwa kuwa ni ya kisasa zaidi. Lakini Beetle zilizoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 zote zilikimbia na kingpini, na kwenye barabara ya mashimo magurudumu yake yana nafasi zaidi ya kupanda na kushuka. Uzuri mwingine uko kwenye mfuko. Piga jeki, mwenzako atikise tairi juu na chini huku wewe ukichungulia kwa ndani. Kama kinachocheza ni pini za mikono, yaani zile zinazoshika mikono ya ekseli inayobeba gurudumu, legeza bolti inayoibana, zungusha pini mpaka ikae, kaza. Hujanunua spea hata moja. Kama ni kingpini yenyewe, bushi lazima zibadilishwe na kuchongwa kwa kipimo, na hapo utahitaji fundi mwenye rima, kifaa cha kuchongea tundu kwa kipimo, si mwenye nyundo. Grisi nayo usiihurumie.

Ya pili ni boljointi, kuanzia modeli ya 1966. Ukitaka breki za diski, ipandishe iwe ya kwanza, maana diski zake hupatikana kwa urahisi zaidi. Boljointi hutolewa na kuingizwa kwa mashine ya presi, kwa hiyo ulizia gharama hiyo kabla ya kukubaliana bei. Hesabu pia bolti za ringi: kuanzia modeli ya 1968 nyingi zina 4, za kabla ya hapo 5. Ukichanganya, tairi moja la spea halikutoshi.

Kokote utakakonunua, ichukue nzima, toka ngoma hadi ngoma, na mikono yake. Muuzaji anayekuuzia mabomba matupu ya ekseli kwa bei ya kutupa anajua spea zilizobaki utazinunua kwa nani.

Ekseli mpya zilizofupishwa au zenye ajasta za kushusha gari ni za tatu. Zinapendeza kwenye picha, ila gari likishuka, matuta ya barabarani yatakuwa yanakwangua ekseli yenyewe.

Za Super Beetle, yaani 1302 ya mwaka 1970 na 1303 iliyofuata, zina struti za MacPherson (springi na shokabu zikiwa kitu kimoja) na kichwa cha chasisi cha aina yake. Hazifungiki kwenye Beetle ya kawaida bila kukata na kuchomelea, hata kama unapewa bure.