Albamu Mbili kwa Wakati Mmoja: Tathmini ya Programu za Kupambanisha Muziki

Mpenzi wa muziki akiombwa ataje albamu kumi anazozipenda kuliko zote, mara nyingi hutaja zile anazojua kwamba zinaheshimiwa, kisha huongeza mbili tatu za moyoni mwake. Ndiyo maana nimevutiwa sana na programu za mtandaoni zinazopambanisha albamu mbilimbili. Haziombi orodha. Zinakuwekea majalada mawili kwenye kioo, moja kushoto na jingine kulia, zinakutaka ubofye lile unalolipenda zaidi, kisha zinaleta jozi nyingine, na nyingine tena, hadi orodha yako itokee yenyewe kutokana na majibu uliyotoa. Nimezitumia kwa albamu za msanii mmoja na kwa albamu za wasanii wasiohusiana kabisa, na naziona kuwa chombo kizuri kuliko vyote nilivyojaribu kwa kazi hiyo, mradi mtumiaji aelewe hesabu iliyo nyuma ya kioo na akubali kuisikiliza kila jozi kabla ya kuihukumu.

Msingi wa kazi hii ni mkongwe kuliko kompyuta zinazoifanya. Mwaka 1927 mwanasaikolojia wa Marekani, Louis Leon Thurstone, alionyesha namna ya kupata kipimo cha mapendeleo ya watu kutokana na majibu mepesi ya kwamba hiki kinakizidi kile, na mwaka 1952 wanatakwimu Ralph Bradley na Milton Terry waliiweka njia ya jozi katika hesabu inayotumika hadi leo. Faida yake huonekana mara mtu anapoilinganisha na utaratibu wa kutoa nyota. Anayezipa nyota albamu alizozichagua mwenyewe hujikuta karibu zote zina nne kati ya tano, kwa sababu asingezitunza kama hazimpendezi, na nyota nne alizotoa akiwa amechoka hazina uzito sawa na nne alizotoa siku ya furaha. Katika jozi, albamu zote mbili huhukumiwa na mtu yuleyule akiwa katika hali ileile, na hilo pekee huondoa sehemu kubwa ya kuyumba kwa hukumu.

Programu zenyewe hazifanani, na tofauti yao kubwa ni jinsi zinavyoamua jozi ipi ifuate. Zipo zinazoendesha mtindo wa ligi, ambamo kila albamu hukutana na kila nyingine. Albamu 10 huzaa mapambano 45, albamu 20 huzaa 190, na albamu 50 huzaa 1,225. Kwa orodha fupi sijaona mtindo unaoufikia huu kwa haki, kwa kuwa hakuna matokeo yanayokisiwa. Kwa orodha ndefu haufai, kwani mtu aliyechoka huanza kubofya ili amalize, na mibofyo ya namna hiyo huharibu hata ile ya mwanzo iliyofanywa kwa makini.

Zipo pia za mtindo wa mtoano, zinazopendwa kwa sababu zina msisimko wa fainali. Albamu 16 humalizwa kwa mapambano 15 tu. Sizipendekezi kwa yeyote anayetaka orodha, na sababu ni ya kihesabu: ikiwa ratiba imepangwa kwa kura na albamu bora hushinda daima, basi albamu yako ya pili kwa ubora ina nafasi 8 kati ya 15 tu ya kufika fainali, kwa kuwa inaweza kuwekwa upande mmoja na bingwa na kutolewa mapema. Mtoano hukupa bingwa. Nafasi ya pili hugawiwa na bahati, na ya tatu na ya nne ndiyo usiseme.

Aina ninayoitumia zaidi ni ile inayopanga makundi madogo na kuyaunganisha hatua kwa hatua. Ukishajibu kwamba albamu ya kwanza inaizidi ya pili, na ya pili inaizidi ya tatu, haikuulizi tena kuhusu ya kwanza na ya tatu. Kwa njia hiyo albamu 20 hazihitaji zaidi ya mapambano 69, na albamu 50 hazizidi 237, jambo linaloifanya kazi iwezekane kwa mtu mwenye shughuli zake. Udhaifu wake umo mlemle kwenye nguvu yake, kwa sababu programu huamini kwamba mapenzi yako yamenyooka kama ngazi, ilhali Condorcet, mwanafikra wa Ufaransa, alikwisha onyesha mwaka 1785 kwamba kura za wengi zinaweza kuzunguka duara: wa kwanza akamshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, na wa tatu akamshinda wa kwanza. Nafsi ya msikilizaji mmoja nayo ina wapiga kura wengi ndani yake. Sikio linalotafuta mdundo, sikio linalotafuta mashairi na sikio linalotafuta faraja huenda yakatoa majibu matatu tofauti, na programu inayounganisha makundi haina njia ya kuliona duara hilo.

Nyingine hutumia alama za Elo, utaratibu uliobuniwa na Arpad Elo kwa ajili ya wachezaji wa sataranji na kukubaliwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 1970. Humo, albamu ndogo inayoiangusha albamu kubwa hupanda sana, na kubwa inayoishinda ndogo hupata kidogo tu. Huu unamfaa mtu anayeongeza albamu mpya kila mara, kwa kuwa orodha haifungwi. Lakini alama za mwanzo huyumba sana, na si vema kuziamini kabla kila albamu haijakutana na wapinzani wa kutosha.

Hesabu ikishaeleweka, linabaki jambo ambalo programu haiwezi kukufanyia. Chukua pambano la Exodus na Kaya za Bob Marley and the Wailers, ambalo naliona kuwa kipimo kizuri kuliko yote niliyokutana nayo. Albamu hizi ni ndugu wa tumbo moja: nyimbo zake nyingi zilirekodiwa London mwaka 1977, miezi michache baada ya Marley kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston mnamo Desemba 1976. Exodus ilitoka mwaka huohuo wa 1977, na Kaya ikafuata mwaka 1978. Bendi ni ileile, sauti ni ileile, majira ni yaleyale, hivyo huwezi kujificha nyuma ya tofauti ya aina ya muziki au ya teknolojia. Exodus inaingia ulingoni ikiwa na heshima zote, kwani jarida la Time liliitaja mwaka 1999 kuwa albamu ya karne. Kaya ilipotoka, wapo wahakiki walioiona kuwa laini mno.

Anayebofya kwa kutazama majalada ataichagua Exodus bila kusita. Anayesikiliza ana kazi zaidi. Wimbo wa kwanza wa Exodus, Natural Mystic, huanza kwa sauti ndogo inayokua taratibu kana kwamba bendi inatembea kuja ulipo, kwa hiyo mtu anayeonja sekunde chache za mwanzo za kila albamu atakuwa ameonja karibu kimya kitupu upande mmoja, na upande wa pili atakuwa amekutana na Easy Skanking ambayo imekwisha anza kuyumba kwa raha zake. Upande wa kwanza wa santuri ya Exodus, kutoka wimbo huo hadi ule wenye jina la albamu unaopita dakika saba, unasonga mbele kwa nia moja, na sijasikia chochote katika Kaya kinachoufikia kwa uzito. Upande wa pili ni habari nyingine. Jamming, Three Little Birds na One Love zimesikika mno kila mahali kiasi kwamba sikio huzipokea kama salamu, huku upande wa pili wa Kaya ukizama polepole kuelekea Running Away, ambamo Marley anajibizana na wanaosema amekimbia, na Time Will Tell, wimbo wa gitaa na ngoma unaofunga albamu kwa utulivu wenye onyo ndani yake.

Swali ninalojiuliza kabla ya kubofya ni moja: ipi kati ya hizi mbili ningetaka irudi mwanzo mara inapokwisha? Silo swali la ipi ni muhimu zaidi katika historia, wala ipi ina nyimbo nyingi maarufu. Kwa swali hilo nimeichagua Kaya, na nimeichagua kwa moyo mmoja, ingawa nikiombwa kuandika kuhusu albamu zilizobadilisha muziki ningeanza na Exodus. Thamani ya programu hizi ni kwamba zinayatenganisha mambo hayo mawili kwa lazima, kwa sababu hazina kisanduku cha heshima. Zina kitufe cha kushoto na cha kulia tu.

Usikilizaji wa jozi una masharti yake, na la kwanza ni kiwango cha sauti. Sikio la binadamu huipendelea sauti iliyo juu kidogo hata pale msikilizaji asipoitambua tofauti hiyo, na tofauti ya desibeli moja yaweza kutosha kuipa albamu ushindi isioustahili. Albamu nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 zimebanwa ili zisikike kwa nguvu, kwa hiyo zikikutana na za miaka ya 1960 au 1970 bila kusawazishwa, za zamani huonekana zimepooza. Programu za kusikilizia muziki huwa na kitufe cha kusawazisha sauti. Kiwashwe, na kama kuna uchaguzi, kisawazishe kwa albamu nzima badala ya wimbo mmoja mmoja, la sivyo wimbo uliokusudiwa uwe wa kunong'ona utainuliwa ulingane na ule wa kupiga kelele.

Sharti jingine ni toleo. Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959, ilikaa sokoni kwa miongo kadhaa huku nyimbo tatu za upande wa kwanza zikisikika kwa kasi zaidi na kwa sauti nyembamba kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa kuwa mashine ya kurekodia ilikwenda polepole kuliko ilivyopaswa siku hiyo, na kanda ilipochezwa kwa kasi ya kawaida muziki ukaharakishwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Wasikilizaji wawili wanaoipigia kura albamu hiyo wanaweza kuwa wamesikia tarumbeta mbili tofauti. Kati ya programu nilizotumia sijaona hata moja inayomuuliza mtumiaji ni toleo lipi analo akilini, na hilo ni pengo.

Kuhusu urefu, sina kanuni ngumu. Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ya mwaka 1976, ina nyimbo 21, ilhali Kind of Blue ina tano. Ninachokataa ni kuihukumu albamu ndefu kwa nyimbo zake tano bora, kwa kuwa msanii aliyeamua kutoa zote 21 anastahili kuhukumiwa kwa uamuzi huo, wenye faida na hasara zake.

Kuna pia upendeleo wa upya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hakuna mahali msemo huu unapothibitika kama katika mapambano ya albamu, ambamo ile iliyotoka mwezi uliopita huzibwaga zilizokaa nasi miaka. Albamu ambayo bado ninaisikiliza kwa udadisi siiingizi kwenye orodha. Naiacha hadi nimeizoea vya kutosha kuchoshwa nayo, kisha naipambanisha.

Kwa upande wa utengenezaji, nyingi ni za bure, nyepesi, na hufunguka vizuri hata kwenye simu. Kitufe cha sare kipo karibu kote, nami nashauri kitumike kwa uchache, maana sare zikizidi orodha hukosa umbo. Kitufe cha kurudi nyuma ni cha lazima, kwani kidole huteleza. Kisicho cha kawaida, na ambacho ni bora kuliko vyote, ni kile cha kusema kwamba albamu hii sijaisikia. Programu isiyo nacho humlazimisha mtu kukisia, na kisio moja katika mtindo wa kuunganisha makundi laweza kuisukuma albamu nafasi nyingi juu au chini. Nimewahi pia kupoteza kazi yote baada ya ukurasa kufungwa kabla sijamaliza, kwa sababu programu niliyokuwa nikitumia haikuhifadhi chochote, na kwa chombo kinachodai umakini wa jioni kadhaa hilo halivumiliki.

Kwa anayeanza, ningemshauri achague msanii mmoja mwenye albamu nane hadi kumi, atumie mtindo wa ligi, na asicheze zaidi ya jozi mbili kwa kikao. Mwenye albamu nyingi atumie mtindo wa kuunganisha makundi ili apate mpangilio wa jumla, kisha zile kumi za juu azirudishe kwenye ligi, kwa sababu huko juu ndiko duara la Condorcet hujificha. Na kama programu inatoa kumbukumbu ya kila pambano, aihifadhi pamoja na orodha: orodha humwonyesha kipi kiko juu, lakini ni kumbukumbu ya mapambano inayomwonyesha ni albamu ipi ya nafasi ya tisa iliyomwangusha bingwa walipokutana.