Uzoefu Wangu na Geji ya Hewa na Petroli kwenye Datsun 1600 SSS Hapa Nakuru

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiifufua Datsun 1600 SSS nyumbani kwangu Nakuru, na katika muda huo nimejua ni vifaa gani vilistahili fedha zangu na ni vipi vingeweza kusubiri. Kati ya vyote nilivyonunua, kuanzia ringi za pistoni hadi raba za madirisha, kile ambacho ningekinunua tena bila kusita ni geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Yangu ni ya AEM, aina ya X-Series, ambayo hutumia sensa (kihisi) ya Bosch LSU 4.9 inayofungwa kwenye bomba la moshi. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunaoendesha magari ya kabureta katika nyanda hizi za juu tunayatyuni kwa vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya miji iliyo karibu na bahari.

Wamarekani wana Mustang na Camaro zao zenye injini kubwa za V8. Kwetu heshima ya namna hiyo iliendea magari madogo yaliyovumilia mashindano ya magari ya Safari, na Datsun hii ilijipatia yake mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walipoibuka washindi wa East African Safari wakiwa ndani ya 1600 SSS. Ni gari lenye uzito usiofika tani moja, lenye kabureta mbili za Hitachi zilizoundwa kwa mtindo wa zile za SU za Uingereza, na kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake bila kulivuta la pili. Injini yake ya awali ni L16 ya sentimita za ujazo 1,595. Yangu ilikuwa imechakaa kupita kiasi, kwa hiyo nikaweka L18 iliyotoka kwenye Datsun 180B, ambayo ni sentimita za ujazo 1,770. Bloku ya L18 ina kimo sawa na cha L16, hivyo inakaa mahali pake bila kukata chuma chochote, tofauti na injini ya L20B ambayo ni ndefu zaidi kwa karibu sentimita mbili. Nilibakiza kabureta za SSS, nikabadilisha bomba la moshi kwa lililo pana zaidi, na nikaondoa platini (vigusano vinavyokata na kuunga umeme wa plagi) ili mfumo wa umeme wa plagi uwe wa kielektroniki.

Mabadiliko hayo yote yanagusa kabureta. Kabureta inayopeleka petroli kwenye injini kubwa kuliko ile iliyokusudiwa, kupitia jeti (tundu za petroli) ambazo zimetanuliwa na miaka ya kusuguliwa na sindano inayopanda na kushuka ndani yake, haiwezi kurekebishwa kwa kuangalia kitabu peke yake. Zaidi ya hapo kuna suala la mwinuko. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kabureta hupima hewa kwa wingi wa nafasi inayojaza wala haipimi uzito wake, kwa hiyo hewa inapokuwa nyepesi petroli haipungui kwa kiwango kile kile. Kwa hesabu ya fizikia, gari lililotyuniwa sawasawa Mombasa na kupandishwa Nakuru bila kuguswa litakuwa na mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi mno, kwa karibu moja ya kumi. Ndiyo maana magari mengi ya zamani hapa hutoa moshi mweusi yakipanda mlima na kunywa petroli kupita kiasi, na wenyewe wakadhani ni tabia ya uzee.

Geji yenyewe ni ya duara, ya milimita 52, na huonyesha uwiano wa hewa kwa petroli kwa namba kubwa zinazosomeka hata mchana wa jua kali. Uwiano ambao petroli yote na oksijeni yote huisha pamoja ni 14.7 kwa 1; namba ikishuka chini ya hapo, petroli imezidi. Injini hutoa nguvu nyingi zaidi kwenye uwiano wa kati ya 12.5 na 13, na inaposafiri taratibu kwenye barabara tambarare inaweza kwenda vizuri ikiwa juu ya 14. Zipo sensa za bei nafuu zilizotolewa kwenye magari ya kisasa, lakini zile za kawaida hutambua tu kama uko juu au chini ya 14.7. Ukishuka chini ya hapo, hazikwambii kama umefika 13 au 10, na huko chini ndiko kabureta hufanya kazi mguu ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa anayetaka kutyuni kwa ajili ya nguvu, sensa ya namna hiyo haimfai, hata akipewa bure.

Kufunga si kazi ngumu, ila inataka subira. Nati pana ya M18 (yenye uzi wa milimita 18) huchomelewa kwenye bomba la moshi, angalau sentimita 45 kutoka kwenye hedi ili sensa isiungue, na lazima iinamie upande wa juu, ili majimaji yanayojikusanya ndani ya bomba baridi asubuhi yasitiririkie kwenye sensa. Sensa hiyo ina kipasha-joto chake cha ndani, na tone la maji likiigusa ikiwa imepata moto, hupasuka. Vilevile, injini isiwashwe kamwe sensa ikiwa kwenye bomba na umeme wake umekatwa, kwa kuwa sensa baridi hufunikwa na masizi na kuharibika. Nilivuta waya wake kutoka kwenye swichi ya kuwashia gari nikauwekea fyuzi yake yenyewe, na waya wa athi nikaufunga moja kwa moja kwenye bloku. Waya za gari la zaidi ya miaka 50 hazifai kuaminiwa kwa kazi ya namna hii. Volti zikishuka, namba nazo hupotoka.

Fundi wa kuchomelea, katika eneo la viwandani, aliiweka nati mahali nilipomwonyesha, lakini kiungo cha bomba na manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) kilibaki na ufa mwembamba ambao jicho halikuuona. Geji ikaonyesha 16 na zaidi, ilhali plagi zilikuwa nyeusi tititi. Nalieleza hili kwa sababu mtu asiyejua angemwaga petroli zaidi kwenye injini ambayo tayari imezama kwenye petroli. Sensa haioni petroli, huona oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kwa hiyo hewa inayonyonywa kupitia ufa, au silinda moja isiyoshika moto, huifanya iseme kwamba petroli ni chache. Njia rahisi ya kujua ni kupaka maji ya sabuni kwenye viungo injini ikiwa baridi, kisha kuiwasha na kutazama povu. Baada ya gasketi mpya na kuchomelewa upya, namba zilishuka hadi mahali palipolingana na plagi: 11.2 injini ikiwa imetulia, na 10.6 nilipokanyaga mafuta yote kwenye gea ya tatu.

Nilimwita mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza Datsun tangu zilipokuwa mpya barabarani, ili tufanye kazi ile pamoja. Alipoiona geji alitabasamu akasema, "Kijana wangu, hiyo ni nzuri, lakini kwanza iulize injini yenyewe." Akafungua vifuniko vya juu vya kabureta, akatazama oili ya ndani, akaongeza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye kile kipini kidogo kilicho chini ya chemba na kuiinua pistoni ya kabureta, ile inayobeba sindano, kwa unene wa ukucha. Injini ikapandisha mwendo na kubaki juu. "Mzito," akasema. Akaikaza nati ya jeti kwenda juu kidogo, akainua tena. Aliendelea hivyo kwenye kabureta zote mbili hadi ikawa akiinua pistoni mwendo unapanda kwa kitambo tu kisha unatulia. Nilipotazama geji, ilisoma 13.2. Nilimwambia, "Mzee, mmekubaliana." Sikio lile lina thamani yake, na sioni kifaa cha kulishinda pale injini inapokuwa imetulia uani.

Ila sikio haliwezi kukaa chini ya boneti gari likipanda mlima. Tulipotoka kwenda upande wa Salgaa na kukanyaga mafuta yote, namba zilisimama kwenye 11.3, jambo ambalo lisingejulikana kwa kuinua pistoni uani. Katika kabureta za aina hii, nati ya jeti husogeza mchanganyiko wote, lakini umbo la sindano ndilo linaloamua kila hatua pistoni inavyopanda. Sindano nyembamba huachia petroli nyingi. Inayotakiwa huku juu ni ile iliyo nene zaidi kuelekea ncha. Kuna mafundi wanaopiga sindano msasa, na kwa anayehitaji kuongeza petroli njia hiyo inaweza kusaidia, lakini chuma kilichosuguliwa hakirudi, na sisi tulihitaji kupunguza. Nikaagiza jeti mpya na sindano nene zaidi. Zilipofika na kufungwa, mlima ule ule ulisoma 12.4, na kwenye tambarare gari likasafiri kwenye 14.2 bila kukohoa. Moshi mweusi ulikoma na harufu ya petroli ikaisha ndani ya gari. Kwenye mlima gari sasa linavuta bila kunung'unika pale lilipokuwa likizama.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiendelee hadi 12.9, ambako nguvu huzidi. Jibu liko kwenye barabara ya Kisumu. Ukitoka Nakuru unapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha unapita Londiani na Kericho, halafu unashuka hadi uwanda wa Ahero na kufika Kisumu iliyo karibu mita 1,130 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa safari hiyo moja hewa huwa nyepesi, kisha huwa nzito kuliko ya nyumbani. Mlimani geji ilishuka hadi 12.0, lakini nilipovuka Awasi na kukanyaga mafuta kwenye barabara iliyonyooka, jua likiwa kali na hewa ya joto ikipuliza kutoka mashambani, ilipanda hadi karibu 12.9. Kama ningeiacha Nakuru ikiwa 12.9, Kisumu ingevuka 13.3 katika joto ambalo injini hugonga kwa urahisi, na pistoni hutoboka kwa mchanganyiko mwepesi chini ya mzigo. Kwa anayeishi Kisumu na kupanda Nakuru mara moja moja, hesabu hiyo hugeuka, naye anaweza kutyuni huko chini kwa usahihi zaidi na kuvumilia uzito kidogo mlimani. Geji hairudishi nguvu ambayo mwinuko umeichukua, kwa kuwa oksijeni isiyokuwepo haiwezi kuunguzwa. Inachofanya ni kuzuia petroli isipotee juu ya hasara hiyo.

Upungufu mkubwa zaidi wa kutumia sensa moja kwenye kabureta mbili ni kwamba inasoma wastani. Kabureta ya mbele inaweza kuwa nzito na ya nyuma ikawa nyepesi, nayo geji ikaonyesha namba ya kupendeza. Kwa hiyo kabureta zisawazishwe kwanza, kwa kifaa cha kupima upepo au kwa mpira mwembamba uliowekwa sikioni na kusikiliza mvumo wa kila mdomo, halafu plagi zote 4 zitolewe baada ya mwendo mrefu na kulinganishwa rangi. Zangu za silinda ya kwanza na ya pili bado zina weusi kidogo kuliko za tatu na nne, na sitaacha kulishughulikia jambo hilo kwa sababu tu geji imeridhika.

Gharama yote, pamoja na usafiri na ushuru, ilikaribia shilingi 40,000, bila kuhesabu kuchomelea. Kwa mwenye gari la kabureta moja ambalo halijabadilishwa chochote, fedha hizo zitafaa zaidi kwenye breki au kwenye kutu ya sakafu, na fundi mwenye sikio zuri atamtosha. Kwa aliyebadilisha injini, kamshafti, kabureta au bomba la moshi, namshauri ainunue kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kuongeza nguvu. Watu wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza pia kuchangia geji moja: kila gari lichomelewe nati yake na lipewe boliti ya kuiziba, kisha sensa ihamishwe pamoja na waya zake wakati wa kutyuni tu. Peugeot 504 ya shemeji yangu, hapa hapa Nakuru, tayari ina nati yake, na kabureta yake ndiyo itakayofuata.