Kalamu ya buluu, nibu tatu, na J iliyonishinda

Nilisoma hatimkato ya Pitman, yale maandishi ya alama fupi ya kumfuata msemaji kwa kasi, enzi ambazo katibu muhtasi asiyefikisha maneno 100 kwa dakika haitwi kwenye usaili mara ya pili. Kwa hiyo ukinipa kalamu niijaribu, siandiki jina langu wala sichezei sahihi. Naandika P, halafu B. Kwa asiyejua: katika mfumo huo, ambao Isaac Pitman aliutoa mwaka 1837, P ni kimstari chembamba kinachoanzia juu kushoto na kushukia chini kulia. B ni kimstari hicho hicho, urefu ule ule, mlalo ule ule, ila kimenenepa. T na D hivyo hivyo, F na V hivyo hivyo, K na G hivyo hivyo. Unene peke yake ndio unaotenganisha pata na bata, koti na goti, fua na vua.

Bolpeni haijui habari hizo. Penseli inajua kidogo, ndiyo maana miaka yote ya kazi niliandikia penseli, nikichonga kila nusu saa. Sasa nimestaafu, nina muda, nikaagiza kalamu ya wino yenye nibu (ncha za chuma za kuandikia) tatu za kubadilisha, zote za chuma cha pua, zote zikisifiwa kuwa zinanepa: ukikandamiza zinafunguka na mstari unanenepa, ukilegeza mkono zinajifunga.

Kwa sura sina ugomvi nayo. Ni buluu iliyoiva, na ndani ya resini, ile plastiki ya mwili wake, mna mawimbi mepesi kama moshi, ukiizungusha kwenye mwanga yanahama. Kifuniko kinajifunga kwa skrubu, mzunguko mmoja na nusu. Klipu ni ngumu, imeshanitoboa mfuko wa blauzi. Tuendelee.

Kubadilisha nibu ndiyo raha yake kubwa, na ndipo nilipoanza kuharibu. Nibu haitoki peke yake. Inatoka na ulimi wake (mimi nauita ulimi, kile kipande cheusi kilicho chini ya nibu, chenye mikato kama meno ya kitana), vyote viwili vimeshikwa ndani ya kijibomba chenye skrubu. Unazungusha kinyume cha saa, kinatoka kizima, unaweka kingine. Wazo lenyewe ni la zamani: karne iliyopita kampuni ya Esterbrook ya Marekani iliuza kalamu za namna hii pamoja na nibu za kila aina za kufunga kwa skrubu, mwandishi anajichagulia. Sasa karatasi ya maelekezo iliyokuja na kalamu yangu inasema "zungusha taratibu", lakini haisemi ushike wapi. Nikashika nibu kwenye mabega yake, nikazungusha. Kijibomba hakikusogea, nibu ndiyo iliyozunguka juu ya ulimi. Ule mpasuo wa katikati, ambao ndio njia ya wino, ukawa umekaa upande. Kalamu ikaandika nusu neno, ikakauka.

Nilitafuta lenzi yangu ya kusomea maandishi ya dawa. Mguu mmoja wa nibu ulikuwa juu ya mwenzake kwa kiasi cha unywele. Nikaurudisha kwa ukucha, kidogo kidogo, nikijaribu kwenye karatasi kila baada ya hatua, mpaka ikaacha kukwaruza. Tangu siku hiyo nashika nibu na ulimi pamoja, kidole gumba juu, cha shahada chini, na kitambaa kikavu katikati. Na kabla ya kufungua natoa wino wote uliobaki kwenye pampu ya kuvutia wino. Hilo la pili nalo sikuambiwa. Mkono wa sweta yangu unalijua.

Jambo jingine kabla hujatia wino: osha. Nibu mpya huwa na mafuta ya kiwandani, na wino wa maji haushiki penye mafuta. Maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, pampu juu chini mara kumi hivi, suuza. Yangu kabla ya kuoshwa ilikuwa inarukaruka kama redio mbovu.

Haya, nibu zenyewe.

Ya kwanza ni nyembamba, na neno "kunepa" wamelitumia kwa ukarimu. Nilikandamiza hadi kidole kikawa cheupe, B ikatoka nene kuliko P kwa kiasi ambacho mimi mwenyewe niliyeandika ndiye ninayekiona. Ni sawa na kumsikiliza mtu mwenye mafua. Kwa barua za kawaida ni nibu safi, inateleza vizuri, lakini kwa ajili hiyo tu nisingeagiza kalamu nzima.

Ya tatu, nairuka ya pili makusudi, ndiyo iliyo kwenye picha za matangazo. Imechongwa mabegani pande zote mbili ili chuma kipungue na miguu ifunguke kirahisi. Na kweli inafunguka. Nilipima kwa rula, mstari wake mnene kabisa unakaribia milimita mbili, na ule mwembamba ni uzi. Niliandika B moja nikabaki nimeitazama. Nikaandika ya pili, ya tatu, ya nne kwa kasi, na kwenye ya nne ikatoka reli: mistari miwili sambamba na katikati peupe. Kila mguu wa nibu ulichora wake, wino wa kujaza katikati ukawa haujafika.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nahukumu nibu wakati mwenye kosa ni ulimi. Wino hausukumwi na kitu. Unajivuta wenyewe kwenye njia nyembamba, na kadiri njia ilivyo nyembamba ndivyo unavyojivuta vizuri. Ukikandamiza, mpasuo unapanuka, utando wa wino uliokuwa umeziba pale unanyooka, na usipoongezwa haraka kutoka nyuma unakatika. Wakati huo huo, kila tone linalotoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, la sivyo wino unagoma. Ulimi ndio unaofanya kazi zote mbili, kushusha wino na kupandisha hewa. Hataza aliyopata Lewis Waterman mwaka 1884 ilihusu jambo hilo hilo, ulimi wenye mifereji. Sasa hawa waliotengeneza kalamu yangu wamechonga nibu tatu tofauti, kisha wakazipa zote ulimi wa aina moja. Nimezilaza tatu sambamba chini ya lenzi: mfereji ni ule ule, upana ule ule. Nibu ya tatu inahitaji kunywa kwa bilauri, inapewa kijiko.

Wapo wanaochukua wembe na kuuongeza mfereji kina. Mimi mkono umeshaanza kutetemeka, sikuthubutu. Nilichofanya ni kubadili wino, nikaweka unaotiririka zaidi, na kupunguza mwendo. Reli zikapungua, hazikuisha. Kwa kadi za mwaliko na majina kwenye bahasha, ambako unaandika herufi moja na kupumua, nibu hii inapendeza sana. Kwa hatimkato, ambayo maana yake yote ni kasi, ni kichekesho.

Ina tabia nyingine pia. Ikifunguka kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, miguu yake inachota nyuzi za karatasi. Unaona mstari umeanza kuwa na ndevu, unadhani wino umeharibika, kumbe kuna uzi umekwama kwenye mpasuo. Nilijipa kazi ya kuutoa kwa kipande chembamba cha filamu ya zamani. Kwenye karatasi iliyolainishwa usumbufu huo haupo, na mstari unabaki na kingo safi.

Nibu ya pili, ya kati, ndiyo iliyonifanya nisiirudishe kalamu. Haijachongwa mabega, inafunguka hadi kama milimita moja, si zaidi, na ulimi unamudu kuilisha. P ikawa P, B ikawa B. Pata, bata. Nilijaza ukurasa mzima. Kwa wino wa buluu unaofulika kuna kitu kizuri kinatokea: mstari mwembamba unatoka buluu ya mbali, mnene unakoza, na mwishoni mwa B, pale mkono unapolegea na wino kukusanyika, panabaki kijidoa cheusicheusi kidogo kama mboni. Kwa msomaji wa hatimkato huo ni msaada wa bure, unene unauona kwa rangi pia.

Kisha nikafika J.

CH na J zinashuka mlalo wa upande wa pili, kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Na mimi naandika kwa mkono wa kulia, kalamu yangu inaelekeza mdomo juu kushoto, kama watu wengi. Maana yake P na B naivuta kalamu kwa urefu wake, miguu inafunguka kulia na kushoto ya njia, unene unatoka bila kuombwa. Lakini J inakata njia hiyo. Nakandamiza, miguu inafunguka kufuata mstari badala ya kuupanua, mmoja mbele mwenzake nyuma, unene hakuna, na ncha inakwaruza. G, ambayo ni ya kulala, iko katikati: inawezekana kwa kununa. Wanaoandika ile hati ya Kiingereza ya mlalo wa digrii 55 walishakutana na tatizo hili zamani, ndiyo maana wana vishikio vya nibu vilivyopinda pembeni. Kwenye kalamu ya wino huwezi kuipinda nibu, unageuza karatasi, kichwa chake kielekee kushoto, mpaka mlalo uje usawa na mdomo wa kalamu. Inafanya kazi. Lakini nani anageuza karatasi kila akifika J huku mtu anasema maneno 80 kwa dakika?

Mawili ya haraka kwa atakayeinunua. Usitie humo wino wa wachoraji wenye gundi ya kung'aa, utaganda kwenye mifereji na hutautoa. Na wino wa chuma na tanini, ule unaozidi kuwa mweusi siku zinavyokwenda, una asidi. Nibu hizi si dhahabu, ukiutumia osha mapema. Nikiwekea alama, kalamu yenyewe naipa saba kwa kumi, nibu ya pili ikiwa na tisa zake na ya tatu ikizivuta chini.

Jana usiku nilifungua redio, taarifa ya habari, nikaweka nibu ya pili na karatasi laini, nikamfuata msomaji mwanzo hadi mwisho. Asubuhi nikakaa na chai kusoma nilichoandika. Bata alikuwa bata, goti goti, hata vua na fua ziliachana vizuri. Ila kwa mujibu wa hatimkato yangu, mvua kubwa ilinyesha chana.