Masomo mazuri, ofisi yao imenitoa machozi

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nasoma shahada ya kwanza ya usimamizi wa sheria na usalama wa umma, niko mwaka wa mwisho. Mngeniuliza muhula uliopita ningewaambia mjiunge kesho asubuhi.

Shida yangu ni daftari moja tu, la mafunzo kwa vitendo. Wiki nane nilitembea na askari wa doria. Kila jioni niliandika saa tuliyotoka, tukio, nani aliamuru nini, na msimamizi akaweka sahihi chini. Ukurasa mmoja ulikuwa na wino uliochuruzika, maana siku hiyo tulikuwa kwenye ajali barabarani, mvua inanyesha, na nilikuwa nimelibana daftari kwapani huku nazuia magari. Nikalipeleka idarani. Karani alilipokea akiongea na simu, akalitupia juu ya rundo la makaratasi. Nikamwomba anisainie kwamba amelipokea. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kwani hutuamini?" Nikaona aibu, nikaondoka.

Matokeo yalipotoka, sehemu ya mafunzo kwa vitendo hamna kitu. Nikarudi. "Daftari lako hatunalo. Kama kweli ulileta, onyesha uthibitisho." Aliyesema hivyo ni yuleyule.

Jamani, idara hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha utunzaji wa vielelezo! Muhula mzima tuliimbishwa: kila anayeshika kielelezo aandike jina lake, tarehe, saa, amekipokea kwa nani na amemkabidhi nani. Pakiwa na pengo, wakili wa utetezi atauliza kilikuwa wapi kuanzia saa nne hadi saa nane, na kesi inaanza kuyumba. Kwenye zoezi moja nilikatwa alama kwa kusahau kuandika saa kwenye bahasha yenye ganda la risasi. Saa tu! Wao wamepoteza wiki nane za maisha yangu na hakuna aliyeandika hata herufi.

Masomo yenyewe siwezi kuyasema vibaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuja nikidhani kazi ya polisi ni mbio na pingu. Kisha tukasoma jaribio la doria za polisi la Kansas City, Marekani, la 1972 na 1973: baadhi ya maeneo doria za kawaida ziliondolewa, mengine zikaongezwa mara mbili hadi tatu, mengine yakaachwa yalivyo. Uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana, na wakazi wengi hata hawakugundua kilichobadilika. Usiku ule sikulala vizuri. Tukasoma Herman Goldstein, msomi wa Marekani wa mambo ya polisi, aliyeandika mwaka 1979 kwamba polisi wamezama kwenye taratibu zao hadi wanasahau matatizo waliyoitwa kuyatatua. Tukachambua kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, mstari kwa mstari, hadi nikaelewa kwamba kuua kwa makusudi kunaruhusiwa pale tu ambapo hakuna namna nyingine ya kuokoa uhai. Huwezi kusoma hayo ukabaki mtu yuleyule.

Kwa hiyo nawashauri nini? Nilianza kuandika "msijiunge", nikafuta. Nikaandika "jiungeni", nikamkumbuka karani, nikafuta tena. Kama unataka elimu, nenda. Kama unategemea ofisi ikulindie kazi yako, kaa mbali. Hapana, nenda, lakini usikabidhi karatasi yoyote bila sahihi, hata wakikununia.

Mhadhiri wetu wa ushahidi aliposikia, hakuniambia nivumilie. Aliongozana nami hadi dirishani akauliza swali moja kwa sauti ya chini: "Nani alilishika mara ya mwisho?" Karani akaanza kupanga kalamu mezani. Hakujibu. Mkuu wa idara baadaye akaniambia nirudie wiki zote nane, kama vile hilo ni jambo dogo.

Sirudii. Msimamizi wangu wa doria ana kitabu chake cha zamu, na humo jina langu lipo kila siku niliyofika. Ameshaniandikia barua na kugonga muhuri. Nimetoa nakala tatu, na asubuhi nazipeleka. Karatasi haitoki mkononi mwangu kabla karani hajaandika jina lake, tarehe na saa.