Shikamoo ya kuuzia gari: nilivyoisotea advansi yangu

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndiyo niandike. Imegoma kupoa, basi naandika hivi hivi.

Mimi ni muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wenzangu wenye usafiri wao wanapeleka mzigo Sengerema na Geita wakarudi siku hiyo hiyo na jua bado liko juu. Zamani kivuko peke yake kilikula nusu ya siku. Mimi bado nalipia nafasi kwenye magari ya watu, gunia kwa gunia, na dereva akiamua kuchelewa nachelewa naye. Nikasema sasa basi. Dalali akanipeleka kwenye yadi moja hapa hapa mjini, nikaonyeshwa Toyota Succeed nyeupe, namba D, inang'aa kama sufuria ya harusi. Tukavutana mpaka milioni 11 na laki tano. Nikaacha advansi ya milioni moja na nusu.

Tarehe msiniulize. Kilikuwa kipindi cha mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa walikuwa wamepumzika na mimi nilikuwa na muda wa kuzurura kwenye mayadi. Tarehe yenyewe iko kwenye risiti, na hiyo risiti ndiyo kesi.

Kijana anayesimamia pale ni wa umri wa mwanangu wa pili. Siku ya kulipa alinipokea getini. "Shikamoo mama," kainama kidogo, mikono miwili. Kiti kikafutwa vumbi, soda ikaagizwa dukani. Nikampenda, naapa. Nikamwambia dalali huyu mtoto kalelewa.

Nilipofika nyumbani nikapiga picha risiti na kumtumia dada yangu Geita kumringishia. Kumringishia tu, wala si akili. Kumbukeni hiyo picha.

Siku mbili baadaye nikarudi na fundi wangu wa Mabatini. Ndiyo, najua. Fundi anatangulia, hela inafuata. Mimi nilifanya kinyume kwa sababu dalali aliniambia kuna mtu wa Kahama anakuja kesho na hela mkononi. Kila gari linalouzwa Mwanza lina mtu wa Kahama anayekuja kesho.

Fundi hakufungua hata boneti. Alikaa siti ya nyuma, akashika mkanda, akavuta. Akavuta, akavuta, mpaka mkanda ukafika mwisho ukagoma. "Mama, njoo uone." Kipande cha juu kilikuwa cheusi, safi, kimeoshwa. Kile cha mwisho kabisa, kinachokaa kimejificha ndani ya bodi siku zote, kilikuwa na mstari wa rangi ya udongo, umenyooka kama alama ya chai iliyolala kikombeni. Akaukwaruza kwa kucha, unga wa tope ukamdondokea kwenye suruali. Kisha akafunua kapeti chini ya siti ya dereva: bolti zote nne zimeliwa na kutu, na ile harufu ya pafyumu niliyoisifia siku ya kwanza ikageuka harufu ya godoro lililonyeshewa.

"Hili gari limeogelea," akasema.

Kama liliogelea Jangwani kule Dar au hapa kwetu Mirongo, maji ni maji. Akanieleza kwamba gari la namna hiyo linaweza kukubeba mwezi mzima vizuri tu, halafu umeme wake unaanza kuumwa kiungo kimoja kimoja: leo kioo hakipandi, kesho taa, keshokutwa linakuzimikia katikati ya daraja na magunia yako nyuma.

Nikaenda kwa yule kijana. Na hapa ndipo hasira yangu inapoishi. Alikuwa amekaa kwenye kile kile kiti alichonifutia vumbi. Hakunyanyuka. Hakuniamkia. Alisema, "Sema mama."

Sema mama! Siku mbili tu. Ile shikamoo ilikuwa ya kuuzia gari kumbe, iko kwenye bei, na ukirudisha gari nayo unairudisha.

Nikamweleza polepole: gari limezama, hamkuniambia, naomba advansi yangu. Akasema nilete risiti akailinganishe na kitabu. Nikampa. Akaingia ofisini. Nikasikia kitu kinagonga meza, ta! Akatoka na kunirudishia karatasi yangu. Chini ya saini kulikuwa na mhuri wa bluu: ADVANSI HAIRUDISHWI. Wino haujakauka. Niliushika nikaona kidole gumba changu kimekuwa cha bluu.

"Si unaona? Imeandikwa."

"Imeandikwa sasa hivi! Angalia kidole changu!"

Akanitazama, akatabasamu, akasema: "Mama, kwani mume wako anajua kama uko hapa?"

Mume wangu amelala Magu, mwaka wa sita sasa. Kagari kale nilikuwa nanunua kwa hela ya dagaa, ya kuamka saa tisa usiku, ya kubishana na watu wa visado mpaka sauti inakauka. Sikumjibu. Fundi alinishika mkono tukaondoka, na hata leo kinachoniuma ni kwamba sikumjibu. Nimepata majibu kama kumi tangu siku hiyo, yote mazuri, yote yamechelewa.

Wao wenyewe wanapenda kuiita hiyo hela kishika uchumba. Sawa. Kwetu Usukumani hata ng'ombe wa mahari hurudi ndoa ikivunjika, itakuwa kishika uchumba cha bibi harusi aliyeletewa tope mwilini?

Binti wa jirani yangu amesomea sheria. Aliniambia Sheria ya Mikataba, Sura 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba, na neno "hairudishwi" halimfuti muuzaji uongo wake. Nikaanza kufurahi. Akanimwagia maji: kama muuzaji alinyamaza tu, na wewe kwa uangalifu wa kawaida ungeweza kugundua mwenyewe, hapo watakubana. Yaani wangeniuliza mbona hukuja na fundi mapema. Nikaona Mahakama ya Mwanzo ninaweza kwenda nikashinda, ninaweza pia kwenda nikaulizwa swali hilo mbele za watu nikabaki nimenyamaza kama nilivyonyamaza yadi. Na nikiwa mkweli zaidi, hata kabla ya ule mkanda nilikuwa nimeshaanza kusita. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala, nilikuwa napiga hesabu ya bima na matairi. Labda ningelikataa hata lingekuwa zima. Lakini halikuwa zima.

Nilirudi mara tatu. Mara zote bosi "ametoka kidogo". Mara ya nne nilienda asubuhi mno, kabla kijana hajafika, nikamkuta mzee mwenye yadi anakunywa uji kibarazani. Nikamwamkia, nikakaa, sikupiga kelele. Nilifungua simu nikamwekea mezani ile picha ya Geita, na pembeni nikaweka risiti yenye mhuri. Mzee akavaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama chini ya saini, peupe. Akatazama karatasi. Akarudia tena. Uji ukapoa.

Kijana alipoingia, mzee hakumpandishia sauti. "Lete ule mhuri." Akauleta. Mzee akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, laki tano chukua leo. Nyingine nitakutumia."

Nilitegemea ile "nitakutumia" iwe ndiyo kwaheri. Hapana. Laki sita ziliingia kwenye simu kabla wiki haijaisha. Laki tatu zilichelewa. Giza likaingia, wavuvi wakaenda ziwani wakarudi, mbalamwezi ikatoka tena, ndipo zikaingia, saa nne usiku, bila hela ya kutolea. Jumla laki kumi na nne. Laki moja walisema alishapewa dalali na ya dalali hairudi. Hela ya kutolea nimeikata mwenyewe mfukoni mwangu, na ninaitaja kwa sababu inaniwasha.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema ni wezi. Si wezi. Mwizi hakurudishii laki kumi na nne. Mdogo wangu alinunua Noah hapo hapo, mwaka wa tatu huu linambebea familia halijamsumbua. Mzee yule ni muungwana, na kama kila siku angekuwa anakaa yeye pale mbele ningewapeleka ndugu zangu wote. Ila mzee anatoka asubuhi akishakunywa uji, na anayebaki ni "Sema mama". Kwa hiyo msiende. Au mkienda, nendeni asubuhi, na risiti ipigwe picha kabla hamjatoka getini, mbele yao, waone mnavyoipiga.

Kuhusu yule kijana, niliambiwa bado yupo. Mwanangu ananiambia mama achana naye, ni kazi tu, anatafuta mkate. Mimi pia natafuta mkate. Mteja akinirudishia dagaa wana mchanga namrudishia hela yake na shikamoo yake simnyang'anyi.

Juzi dalali kanipigia. Ndiyo, yule yule, mwenye laki yangu moja tumboni. Eti mama yangu, yaliyopita yamepita, kuna Succeed nyingine imeingia, ya fedha, safi, na kuna mtu wa Kahama anaiulizia. Nilitaka kumkatia. Nikamuuliza ni namba gani. Akasema namba E. Nikamwambia anitumie picha. Akatuma sita: mbele, nyuma, ubavu, dashibodi.

Nimemrudishia ujumbe avute mkanda wa nyuma mpaka ugome, halafu ndiyo apige.