Kisoma nukta nundu cha seli 20: miezi 8 mkobani mwangu

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Ngamiani, Tanga, na sioni tangu nikiwa na miaka 4. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa barazani Barabara ya 14, wanachama 28, na mimi ndiye ninayeandika hisa, marejesho na faini. Zamani nilibeba mashine ya Perkins ya kuchapia nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu tunayosoma kwa vidole, karibu kilo 5 za chuma, ikabidi nikodi bajaji kwa safari ya kutembea. Mwaka jana nikajikaza, nikanunua kisoma nukta nundu cha seli 20 chenye funguo za kuandikia: kifaa cha umeme kinachoinua na kushusha vinukta chini ya vidole, na kila seli ni nafasi ya herufi moja. Milioni 1 na laki 8, pamoja na usafirishaji. Nimekitumia miezi 8, na haya ndiyo niliyoyaona kwa vidole vyangu.

Wema wake niuseme kwanza, kwa sababu watu huniuliza kwa nini nisitumie simu tu. Simu inaongea. Nikitafuta deni la mtu, inalitaja mbele ya baraza zima. Nikiziba masikio kwa spika zake, siwasikii wenzangu. Nukta nundu zinakaa kimya chini ya kidole, na siri ya mwanachama inabaki siri. Umeme ukikatika usiku nasoma ndani ya chandarua, mume wangu kalala, hata hajigeuzi. Chaji inanifikisha siku mbili. Kwa kusoma, kifaa hiki nakipenda.

Shida inaanza kwenye kusahihisha. Mwezi uliopita bi mkubwa mmoja aliniambia, "Katibu mwanangu, mimi leo nimeweka hisa tano, si tatu." Alikuwa na haki. Kwenye Perkins ningeibonyeza nukta kwa kucha ilale, nikaandika upya. Hapa kidole changu kilikuwa juu ya kosa lenyewe, lakini sina njia ya kukiambia kifaa "hapa." Vifaa vya bei kubwa vina kitufe kidogo juu ya kila seli, ukikibonyeza, kishale, yaani alama ya mahali unapoandika, kinakuja pale pale. Hiki hakina. Nikaanza kukirudisha kishale herufi moja moja, nikahesabu mara 34, baraza limenyamaza linanisubiri, mweka hazina kashika hela mkononi. Nilipofika nikafuta herufi ya jirani. Bi mkubwa akasema, "Pole, mwanangu, hatuna haraka." Nilitamani kulia.

Kutafuta neno nako hakuna kabisa. Nikitaka kujua mtu alikopa lini, navuta mstari baada ya mstari kutoka mwanzo wa faili mpaka nimkute.

Na Kiswahili hakijui. Kwenye orodha yake ya lugha hakimo. Nilipojaribu kuweka vifupisho vya Kiingereza, ambavyo seli moja hubeba herufi kadhaa, ili kupunguza urefu wa maneno, "andika" ikaanza na alama moja ambayo Waingereza huitumia kwa "na" yao, yaani "and," na "forodha" ikaanza na seli iliyojaa nukta zote sita, ambayo kwao ni "for," yaani "kwa ajili ya." Basi naandika kila herufi kamili, na maneno yetu ni marefu. "Wanachama waliokwishalipa": neno la kwanza linakula seli 9, la pili linahitaji 15, halitoshi, linasukumwa mstari unaofuata. Seli 11 zinabaki bapa, nazipapasa bure. Karatasi ya nukta nundu huchukua seli kama 40 kwa mstari, na mistari kama 25. Mimi nina nusu ya mstari mmoja.

Hilo la uchache wa seli naweza kulisamehe. Kila seli ina vinukta 8, sita vya herufi na viwili vya chini vinavyoonyesha kishale kilipo, na kila kinukta kina kijiti chake kinachojipinda kikipata umeme. Seli 20 ni vinukta 160. Kazi hiyo ni ghali, naielewa. Lakini kutafuta neno hakuhitaji kinukta hata kimoja cha ziada. Kujua Kiswahili pia hakuhitaji. Programu huria ya Liblouis, inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu na inayotumiwa na visoma skrini vya kompyuta vya wasioona kama NVDA, ina majedwali ya Kiswahili tayari, na ni bure. Aliyetengeneza kifaa hiki alipaswa kuyachukua tu. Hapo ndipo ninapoumia, maana nimelipa pesa sawa na yeyote yule.

Faili za PDF hakifungui. Katiba mpya ya kikoba ilibidi binti yangu aichape upya.

Kisha mwezi wa sita, seli ya 7 ikapoteza nukta ya 3. Anayeona anaweza kudhani ni jambo dogo. Bila nukta ya 3, L inakuwa B, N inakuwa D, S inakuwa I. "Lima" ikiangukia hapo inasomeka "bima," "nawa" inasomeka "dawa." Tarakimu zenyewe hazitumii nukta hiyo, namshukuru Mungu, ila alama ya kutangulia namba inaitumia, kwa hiyo ikikaa seli ya 7 sijui kama ninachosoma ni 3 au herufi C, maana zote mbili zina nukta zilezile. Aliyeniuzia alinijibu kwamba matengenezo ni nje ya nchi na gharama ya kutuma ni yangu. Fundi wa simu wa hapa mtaani alikigeuza, akanirudishia bila kukifungua, na nilimshukuru kwa ukweli wake.

Ukitaka kununua cha aina hii, nenda na faili lako la Kiswahili kwenye kadi ya memori, lifungue pale pale dukani, kisha jaribu kubadilisha herufi moja katikati ya mstari. Hesabu unabonyeza mara ngapi. Uliza pia, kabla hujatoa hela, kinukta kikikwama kinatengenezwa wapi.

Mimi nimerudi kwenye bajaji. Jumamosi naandika hesabu kwa Perkins, na kifaa nakibeba cha kusomea mihtasari.